Reli Iliyoishia Butere

Reli haikuwahi kufika Ekero. Niliseme hilo mapema, maana wapo wazee hapa ambao wakianza kusimulia habari za garimoshi utadhani lilikuwa linasimama mlangoni kwao. Liliishia Butere, kusini mwa Mumias. Ukitaka kulipanda ulilifuata huko na mzigo wako kichwani.

Inauma kidogo ukikumbuka Mumias ilikuwa nini kabla ya reli. Misafara kutoka pwani ilipumzika hapa kwa Wanga, ikanunua chakula, ikaendelea Uganda. Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Wafanyabiashara Waswahili walikaa, wakaoa, wakaacha msikiti na lugha. Wageni kukutana na wageni ndiyo ilikuwa kazi ya mji huu. Halafu wapimaji wa Kiingereza wakaja. Upimaji wa Kapteni Macdonald mwaka 1892 ulikusudia reli iishie Ghuba ya Berkeley, karibu na Port Victoria ya leo, ambako ingetusogelea. Baadaye wakachagua njia fupi zaidi, na tarehe 20 Desemba 1901 chuma kikafika Kisumu. Misafara ikafa, na makao makuu ya wilaya nayo yakahamia Kakamega mwaka 1920.

Tawi la Butere lilikuja 1930. Kilomita 69 tu: Kisumu, Maseno, Luanda, Yala, hadi Butere. Hapo mataruma yakakoma. Lakini hicho kipande kifupi ndicho kilichobeba vijana wa huku kwenda Kisumu, Nairobi, Mombasa. Wengi wao waliajiriwa na reli yenyewe: kupiga nyundo kwenye genge, kutia makaa na kuni, kuunganisha mabehewa. Walilala kwenye landi za reli, na barua zao zilirudi kwa njia ileile.

Sasa tafuta picha zao. Hapa nyumbani utapata chache sana. Kamera zilikuwa za wengine: mainjinia Waingereza, na mafundi, makarani na mastesheni masta wa Kihindi. Kujenga Reli ya Uganda kulileta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, zaidi ya 6,000 wakabaki. Watoto na wajukuu wa waliobaki, pamoja na waliokuja baadaye, walikuwa nguzo ya shirika la reli mpaka miaka ya sitini. Mwaka 1967 Kenya ikabana vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia. Familia nyingi zikakimbilia Uingereza, haraka haraka, kabla nayo haijafunga mlango kwa sheria ya 1968. Albamu zikaenda ndani ya masanduku. Ndiyo maana leo picha ya stesheni ya kwetu inaweza kuwa kabatini Leicester.

Na sasa albamu hizo zinaingia mtandaoni, zikiwekwa na watoto wa watu wale. Wapenzi wa treni hujazana hapo kuhesabu magurudumu. Watakwambia kila kitu kuhusu Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester, kila moja ikapewa jina la mlima. (Hizo zilikuwa za njia kuu, tawi kama letu lisingezibeba.) Mlima una jina, injini ina namba, na mzungu mwenye kofia ana cheo. Wanaume sita waliosimama kando na sululu? “Wafanyakazi.” Basi.

Nimefuatilia picha moja ya namna hiyo. Mama mmoja wa Leicester aliiweka, baba yake akiwa katikati, genge la reli nyuma yake. Kijana wa Ekero akaandika kwamba yule wa pembeni ni babu yake. Mkono wake haukunyooka tangu alipobanwa na mabehewa. Mama akafurahi, wakaanza kuitana dada na kaka. Kisha akaigeuza picha. Nyuma, kwa penseli, baba yake alikuwa ameandika majina yote sita. La babu halikuwemo.

Nilidhani ingeishia hapo. Lakini kijana alipeleka yale majina kwa bibi yake, na bibi akatambua mawili. Mmoja alikuwa jirani, alikufa bila picha hata moja ya kuweka kwenye jeneza. Wajukuu wake wakatumiwa nakala kwa WhatsApp, wakaikuza mpaka uso ukawa madoadoa, wakabishana kuhusu pua.

Mama naye alikuwa na swali lake. Baba yake alipenda kutaja mtu wa Butere aliyemfundisha Kiswahili, akimwita “mwalimu”. Alitaka kujua ni yupi kati ya wale sita. Bibi wa Ekero alisikiliza ujumbe wa sauti mara mbili. Akajibu kwamba kwenye genge kila nyapara alijiita mwalimu, ila huyo jirani alikuwa na mdomo sana, basi aanze na yeye. Majina manne bado yanazunguka simu hadi simu, Butere, Shianda, Yala, na kila wiki anajitokeza mtu anayedai moja.