Pembe, Nguo na Waraka: Ubia wa Unguja katika Karne ya 19

Watu wakieleza kwa nini ubia fulani wa biashara ulidumu, neno la kwanza huwa uaminifu. Husema wabia waliaminiana, au walikuwa ndugu, au waliswali msikiti mmoja. Historia ya Unguja ya karne ya 19 inanizuia kuyakubali maelezo hayo. Ubia mkubwa wa pwani wakati ule uliunganisha fedha za Wahindi wa Kutch na Bombay na misafara ya Waarabu na Waswahili waliokwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Wabia hao walitofautiana kwa asili, kwa lugha, mara nyingi hata kwa dini, tena waliweza kukaa miaka bila kuonana uso kwa uso. Kilichowafunga pamoja ni kwamba kila mmoja alishika kitu ambacho mwenzake hangekipata bila yeye.

Tuanzie forodhani. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, hakukusanya ushuru kwa mkono wake, aliukodisha. Mfanyabiashara alimlipa kiasi maalumu kila mwaka, kisha ushuru wa bandari ukawa wake yeye. Kwa muda mrefu aliyeikodi forodha alikuwa Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch, na baada yake nyumba yake ya biashara. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani ulioweka ushuru wa asilimia 5, na mwaka 1837 akaja Richard Waters wa Salem, konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, ambaye pia alikuwa mfanyabiashara. Haukupita muda mrefu Waters na Jairam wakapatana. Waters alikuwa na njia ya kuzifikia meli za Salem na nguo ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Jairam alikuwa na forodha, watu wa kazi bandarini, na mtandao wa wachuuzi waliojua pembe imefika wapi na inauzwaje. Waingereza, na hata Wamarekani wengine, walilalamika kwamba mlango wa bandari umefungwa mbele yao. Walikuwa na haki ya kulalamika, maana ule ulikuwa uhodhi. Lakini malalamiko yao yenyewe yanaonyesha jinsi mapatano ya wawili hao yalivyokuwa na nguvu.

Bara mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa ndipo mfano wa Taria Topan na Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, unapofundisha. Taria alikuwa Khoja Mwismaili, na mwaka 1876 forodha yenyewe iliingia mikononi mwake. Tippu Tip alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akakulia katika biashara ya misafara. Msafara ulikula mali kabla haujaleta hata pembe moja: nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki, baruti, na malipo ya mamia ya wapagazi. Mwenye msafara hakuwa na fedha hizo. Mwenye fedha naye hakuijua njia ya Tabora na Ujiji, hakuwa na watu wenye silaha, wala hakuwa na usuhuba na watemi. Basi bidhaa zilitolewa kwa mkopo na waraka ukaandikwa. Aliyekuwa na shamba au nyumba aliweza kuiweka kwa bei ya khiyari, yaani aliiuza huku akibaki na haki ya kuikomboa. Safari ya tatu ya Tippu Tip, iliyomfikisha Kasongo katika nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, ilianza karibu na mwaka 1870, naye hakurudi Unguja hadi 1882. Katika miaka yote hiyo pembe zilishuka pwani, na hesabu yake kwa Taria, aliyemkopesha, haikufungwa.

Msomaji anaweza kusema kwamba hilo ni deni tu, na mdai na mdaiwa si wabia. Kwa maandishi ya waraka, ni kweli. Lakini tazama jinsi deni hilo lilivyofanya kazi. Hakuna kadhi wala konseli ambaye mkono wake ungemfikia mtu aliyekaa Kasongo. Msafara ukiporwa au ukipatwa na ndui, mdai angeweza kulichukua shamba la Unguja, ila mara nyingi shamba halikutosha, na mdaiwa aliyefilisika asingeleta pembe tena. Kwa hiyo aliongezewa muda, mara nyingine na bidhaa mpya, ili arudi njiani. Hasara iligawanywa, hata kama waraka haukusema hivyo. Mdaiwa naye hakuwa huru kutoroka, kwa sababu pembe haikuwa na soko kubwa ila pwani, na mlango wa pwani aliushika mdai wake.

Wengine watataja udugu, na ushahidi wanao. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa ile iliwafungulia mengi Tabora. Lakini ndoa za namna hiyo zilitafutwa kwa ajili ya biashara. Haja ilitangulia, undugu ukafuata. Upande wa pili tunao mkataba usio na haja ya kesho. Mwaka 1876 mvumbuzi Henry Morton Stanley alipatana na Tippu Tip amsindikize miendo 60 ya safari kwa dola 5,000. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameachana njiani, na katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili Tippu Tip analalamika kwamba hakutendewa kama alivyoahidiwa. Stanley alikuwa anavuka bara kuelekea Atlantiki. Hakutarajia kumhitaji tena mtu yule, na mkataba wa mtu wa namna hiyo una kifungo gani?

Kuna pingamizi moja ambalo silipunguzi uzito. Biashara hii ilienda bega kwa bega na utumwa. Mwaka 1860 Rigby, konseli wa Uingereza, aliwakomboa maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza, lakini fedha za Wahindi hao ziliendelea kugharamia misafara iliyokamata watu. Vijiji vya Manyema vilichomwa ili pembe ipatikane. Wabia waligawana faida na kuvumiliana katika hasara, ila sehemu kubwa ya gharama waliibebesha watu ambao hawakuwamo katika waraka wowote. Ninapousema ubia huu kuwa ulifaulu, nasema ulifaulu kwa wenyewe tu.

Mwisho wake unathibitisha hoja. Hakuna aliyemsaliti mwenzake. Mwaka 1885 dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilitambuliwa, na pembe za Manyema zikaanza kushuka mto Kongo kuelekea Atlantiki. Wajerumani wakaitwaa pwani ya bara, na mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Vita vya Kongo vya 1892 hadi 1894 vikavunja nguvu za Waarabu na Waswahili huko Manyema. Mwenye fedha hakushika tena mlango mmoja wa pembe, na mwenye msafara hakushika tena njia. Taria alifariki mwaka 1891, Tippu Tip mwaka 1905, na baada yao hapakuwa na msafara wa kukopeshwa.