Wajibu wa kumwarifu polisi kuhusu silaha

Wajibu wa kumwarifu polisi kuhusu silaha ni kanuni ya sheria katika baadhi ya majimbo ya Marekani inayomtaka mtu aliyebeba bunduki au bastola kihalali amweleze askari polisi kwamba anayo, mara anaposimamishwa. Kanuni hiyo huwagusa hasa madereva. Hakuna sheria moja ya nchi nzima: kila jimbo lina yake, na dereva anayevuka mpaka wa jimbo huingia chini ya kanuni nyingine, pengine bila kujua.

== Asili ==
Rekebisho la Pili la Katiba ya Marekani linalinda haki ya raia ya kuwa na silaha. Tangu miaka ya 1980 majimbo mengi, Florida likiwemo mwaka 1987, yalilegeza masharti ya kupata kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, iliamua kwamba haki hiyo inahusu pia kubeba silaha nje ya nyumba. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yameacha kudai kibali kwa watu wazima wengi. Hivyo askari anayekaribia gari hawezi tena kutegemea orodha ya wenye vibali. Mara nyingi njia pekee ya kujua ni kuambiwa na dereva mwenyewe.

== Tofauti za majimbo ==
Michigan ni miongoni mwa majimbo makali zaidi. Mwenye kibali aliyebeba bastola iliyofichwa anapaswa kusema mara moja, hata asipoulizwa. Akinyamaza, anaweza kutozwa dola 500 na kibali chake kusimamishwa kwa miezi sita. Alaska na Nebraska pia hudai taarifa ya papo hapo. Maine ina kanuni ya namna yake: mtu anayebeba silaha iliyofichwa bila kibali, jambo ambalo sheria ya huko inaruhusu, ndiye anayelazimika kujitaja.

Kwingineko wajibu huanza pale askari anapouliza. Ohio lilikuwa kundi la kwanza hadi tarehe 13 Juni 2022, sheria mpya ilipoanza kutumika. Sasa dereva hulazimika kujibu kweli akiulizwa, basi. Texas humtaka mwenye leseni ya bastola aionyeshe pamoja na leseni ya udereva anapodaiwa kitambulisho, ingawa adhabu ya kutofanya hivyo iliondolewa mwaka 2009.

Wanaotetea wajibu huu husema unamlinda askari asishtukizwe. Wanaoupinga hujibu kwamba mhalifu hatajitaja kamwe, hivyo sheria humbana yule tu ambaye tayari ameifuata. Hoja hiyo ya pili ina uzito, lakini haiondoi swali la nini kitokee askari anapoiona bastola kabla ya kuambiwa.

== Mamlaka ya askari ==
Kutoa taarifa hakumalizi mambo. Tangu kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms (1977), askari anaweza kumwamuru dereva ashuke garini. Kesi ya Michigan dhidi ya Long (1983) ilimruhusu kupekua sehemu ya abiria akiwa na sababu ya kuamini kwamba kuna hatari ya silaha. Mwaka 2017 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya Robinson kutoka West Virginia, ilisema kwamba mtu mwenye silaha aliyesimamishwa kihalali anaweza kupapaswa hata kama silaha yake ni halali.

== Namna ya kusema ==
Wakufunzi wa silaha kwa kawaida hufundisha dereva azime injini, awashe taa ya ndani ikiwa ni usiku, na aweke mikono juu ya usukani kabla askari hajafika dirishani. Hushauri pia aanze kutaja kibali, ndipo aseme silaha iko wapi, na aulize askari anataka afanye nini. Kuanza na neno “bunduki” huweza kusikika kama tishio. Hatari kubwa iko kwenye mikono: leseni ya udereva na bastola mara nyingi hukaa upande mmoja wa kiuno, na kisanduku cha dashibodi huweka hati za gari na silaha pamoja.

== Kesi ya Philando Castile ==
Mfano unaojulikana zaidi ulitokea tarehe 6 Julai 2016 huko Falcon Heights, Minnesota. Philando Castile, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 32 aliyefanya kazi katika mkahawa wa shule mjini Saint Paul, alisimamishwa na askari Jeronimo Yanez, aliyemwambia kwamba taa yake ya breki haiwaki. Castile alikuwa na kibali. Sheria ya Minnesota ilimtaka aseme akiulizwa tu, lakini alisema kwa hiari yake na kwa adabu kwamba ana silaha. Askari alimwambia asiitoe. Castile na mpenzi wake aliyekuwa kando yake walijibu kwamba haitoi. Sekunde chache baadaye Yanez alifyatua risasi saba. Mtoto wa miaka minne alikuwa kiti cha nyuma.

Mpenzi wake alirusha moja kwa moja kupitia Facebook yaliyofuata, na maandamano yakazuka. Mahakamani Yanez alidai aliogopa kwa kuwa aliona mkono wa Castile ukiishika bastola; upande wa mashtaka ulisema alikuwa akitafuta leseni aliyoombwa. Tarehe 16 Juni 2017 Yanez aliachiwa huru katika shtaka la kuua bila kukusudia na mengine mawili, kisha akaondoka kazini kwa makubaliano. Mama yake Castile alilipwa fidia ya dola milioni 2.995.