Kidole cha Mama

Februari 2025 nilikaa kwenye ngazi za maktaba mjini Leipzig, simu sikioni, baridi ikinipanda miguuni, nikimsikiliza mama yangu akikataa kunisomea tarakimu sita.

"Wameandika hapa nisimpe mtu yeyote," alisema.

"Mama, mimi si mtu yeyote. Hela ni zangu."

"Sauti ni yako. Lakini siku hizi sauti nazo zinaibwa."

Alikuwa Korogwe, ameshika kiswaswadu chenye laini yangu. Benki ilikuwa imetuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo, na namba za namna hiyo huishi dakika chache tu. Mdogo wangu alikuwa na siku mbili kulipa ada, la sivyo jina lake lisingeingia kwenye orodha ya wanaofanya mitihani chuoni. Akiba yangu ya miaka miwili ya kazi ilikuwa kwenye benki hiyo. Huku Ujerumani nilikuwa na euro za kununulia mkate mpaka mwisho wa mwezi, na hapo nazipamba.

Watanzania wengi tunaosoma nje tuna mpango kama huu, ingawa hatuusemi kwa sauti. Unaondoka, unaiacha laini kwa mama, kwa shangazi, au kwa rafiki mwaminifu. Anaiweka kwenye simu ndogo, anaitilia vocha ya mia tano mara mojamoja isife, na benki ikituma namba anakusomea kwa WhatsApp kutoka kwenye simu yake nyingine. Ungeweza kuondoka nayo, lakini simu yangu ina nafasi ya laini moja, na nafasi hiyo imechukuliwa na laini ya huku, ambayo bila hiyo hata daktari hupati. Zaidi ya hayo, laini ya nyumbani ikibaki nyumbani, anayekudai anajua pa kudai na anayekulipa anajua pa kulipa.

Nasoma historia, na kazi yangu ya shahada ya uzamili inahusu wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Nilichagua mada hiyo kwa sababu ya babu, mzaa mama, Muha aliyetoka Kigoma miaka ya 1950 kuja kukata mkonge Korogwe. Huo mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo Tanganyika ikaja kuongoza duniani kwa mkonge. Kazi ilihitaji watu wengi kuliko waliokuwa tayari kuifanya, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi ya kuwatafuta, SILABU, iliyokuwa ikikusanya vijana mikoa ya mbali na kuwasafirisha mpaka mashambani.

Walioletwa hivyo waliitwa manamba. Neno lenyewe limejieleza: ulipoandikishwa ulipewa namba, na kwa namba hiyo ulihesabiwa, ulipangiwa kazi na kulipwa. Ulipewa pia kipande, kadi ambayo kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama. Siku thelathini zikitimia, unalipwa. Ukiugua au ukishindwa kumaliza idadi ya matita, siku ile haikuhesabiwa. Mama anasema babu alikuwa akiikumbuka namba yake mpaka uzeeni, wakati siku ya kuzaliwa kwake hakuijua.

Kenya kipande kilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanaume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kutembea na cheti chenye namba, alama za vidole, na maelezo ya mwajiri na ujira. Cheti kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma na wengi walikivaa shingoni. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa moja ya mambo aliyokuwa akiyapinga, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi. Jambo moja hunichekesha kila nikilisoma: mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ilipotaka kusajili watu wa rangi zote kwa mpango mmoja wa vidole, walowezi walikuja juu. Kidole, walisema, ni cha mhalifu. Kwa miaka ishirini na ushee kidole cha Mwafrika hakikuwa kimewasumbua.

Namba ya babu haikumfuata nje ya shamba. Barua za kwao Kigoma zilimfikia kwa sanduku la posta la shamba, jina lake likiwa limeandikwa chini ya jina la kampuni. Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu sote. Posta yetu haikuzoea kupeleka barua mlango kwa mlango. Ulikuwa na S.L.P., na kama hukuwa nayo, uliazima ya shule, ya kanisa, ya msikiti, ya mjomba aliyeajiriwa. Barua yako ilipitia mikono ya mwenye sanduku, na kwa asiyejua kusoma ilipitia pia mdomo wa msomaji. Anwani za makazi zenye namba za nyumba na majina ya mitaa zilikuja kubandikwa nchi nzima mwaka 2022, kabla ya sensa. Kwa hiyo simu ya mkononi ilipoingia, tulipata kwa mara ya kwanza anwani ya mtu mmoja mmoja, inayomfikia mwenyewe alipo. Mwaka 2007 M-Pesa ikaanza Kenya, mwaka uliofuata ikaja Tanzania, na anwani ikawa pia pochi. Nchi nyingi mtu alikuwa na akaunti ya benki kwanza, namba ya simu ikaja kuongezwa pembeni. Kwetu namba ndiyo iliyotangulia, na kwa mamilioni ya watu ndiyo akaunti yenyewe.

Meseji ina historia yake, na hiyo imeanzia huku ninakosoma. Mwaka 1985 mhandisi wa Kijerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa nyumbani kwake Bonn akapiga chapa sentensi za kila siku, maswali na salamu, akahesabu herufi. Nyingi hazikufika 160. Akaangalia na kadi za posta, akakuta watu huandika pungufu ya hapo na wanaelewana. Ndipo 160 ikawa kikomo. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, kumtakia mtu heri ya Krismasi.

Kadi ya posta haina bahasha. Kila anayeishika njiani anaweza kuisoma, na meseji iliyoigwa kutoka kwake haiko mbali na hali hiyo. Ilibuniwa kwa salamu, halafu benki zikaigeuza ufunguo wa kabati la fedha. Mwaka 2016 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa rasimu ya mwongozo iliyoshauri njia hiyo ianze kuachwa. Mwaka uliofuata ikathibitika hapahapa Ujerumani kwamba wezi walikuwa wamepenya kwenye mfumo wa zamani unaounganisha mitandao ya simu duniani, wakazielekeza meseji za benki kwao na kukomba akaunti za watu. Benki nyingi za huku zimehamia kwenye programu maalumu za simu. Yangu ya nyumbani inazo programu pia, lakini ukibadili simu tu, inakurudisha kwenye meseji. Nami nilikuwa nimebadili simu.

Basi tuseme kilichotokea. Januari, kiswaswadu kiliibwa sokoni Manundu. Mama alikilaumu kikapu, mimi sikuwa na wa kumlaumu. Kurudisha laini iliyopotea si kazi kubwa: unakwenda kwa wakala, unataja namba ya kitambulisho cha taifa, unaweka kidole kwenye kifaa, unapewa laini mpya yenye namba ileile. Shida ni hicho kidole. Niliuliza kwa simu kama naweza kufanya hivyo nikiwa nje, nikahamishwa kutoka kwa mhudumu mmoja hadi mwingine, na wote walikuwa wapole na wote walisema nifike mwenyewe. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa ghali kuliko ada niliyotaka kulipa.

Siku mbili nzima nilikuwa nikihesabu nani wa kumkopa. Kisha mama akapiga, akasema kwa utulivu wake, "Lakini wewe, hiyo laini si nilisajili mimi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Usajili wa laini Tanzania ulianza mwaka 2009, ukawekwa kwenye sheria mwaka 2010, ila wakati ule jina na kitambulisho chochote kilitosha. Mei 2019 ndipo ukaja usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha NIDA. Laini ambazo hazijasajiliwa zingefungwa tarehe 31 Desemba. Mnakumbuka ile foleni. Watu waliamka usiku, wengine wakalala kwenye ofisi za NIDA, na wengi walikuwa wamejaza fomu miezi mingi nyuma bila kupata hata namba. Mwishoni mwa Desemba Rais Magufuli, akisajili laini yake Chato, aliongeza siku 20. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu na namba yangu ya NIDA haijatoka. Zikiwa zimebaki siku chache mama alinishika mkono, tukaenda kwa kijana wa laini chini ya mwamvuli, akaweka kidole chake, na laini yangu ikawa yake. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Mtu mwenye NIDA alikuwa kama mwenye sanduku la posta enzi za babu.

Sisemi usajili ule ni kipande. Manamba hakuwa na pa kukata rufaa, na mwizi wa mtandaoni ni wa kweli; hakuna Mtanzania asiyewahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ila kila ninapoisoma hoja ya maofisa wa Kenya wa miaka ya 1920, kwamba kidole ndicho pekee kisichoweza kumdanganya mwajiri, naona wazo limekaa palepale: mtu wa chini anaaminika akiwa mbele ya kifaa, na mwili wake uwepo. Tajiri ana meneja wa akaunti wa kumpigia.

Mama akaenda kwa wakala. Kidole hakikusoma. Amelima miaka arobaini, na ncha za vidole vyake zimelainika kama kokoto la mtoni. Kijana akamwambia, "Bi mkubwa, kifute na kanga," akafuta. Wakajaribu cha shahada, gumba, cha mkono wa kushoto. Kijana akamtuma akanawe kwa maji ya uvuguvugu kwa mama ntilie wa jirani. Nilikuwa hewani muda wote huo, nikiangalia paa la mwamvuli kupitia simu aliyoiweka kwenye meza. Gumba la kushoto likakubali.

Ndipo tukafika kwenye tarakimu sita.

"Sauti zinaibwa," alirudia. "Niambie, mbuzi wa babu aliyekula shuka la mgeni aliitwa nani?"

"Meneja," nikasema. Babu alimpa jina hilo kwa sababu zake.

"Haya, andika." Akasoma polepole, moja moja, kama anayepanga nyanya. Alipofika ya nne, muda ukaisha. Tukaomba nyingine. Iliposoma sawasawa nilikuwa nimesimama bila kujua, na msichana mmoja aliyekuwa akipanda ngazi alikuwa ananizunguka kwa tahadhari. Ada ikaingia. Mdogo wangu akatuma picha ya risiti, na chini yake akaandika neno moja, "Shikamoo," ambalo hajawahi kunipa tangu azaliwe.

Wiki tatu baadaye benki ilituma ujumbe kwa wateja wote: jina la mwenye akaunti na jina lililosajiliwa kwenye laini vilingane, na wasiolingana wafike tawini na kitambulisho. Mama alinisomea ujumbe huo mara mbili. Tiketi yangu ni ya Agosti. NIDA ninayo sasa, na kidole changu, kisicholima, kinasoma mara ya kwanza. Lakini mama ameanza kuuliza kama ni lazima niichukue ile laini, maana wenzake wa kikoba wameshazoea kumtumia hela kwenye namba hiyo.