Korosho Mbichi: Kumbe Haijawahi Kuwa Mbichi

Siku hizi kitu kikiitwa "mbichi" tu, bei inapanda. Chokoleti mbichi, asali mbichi, maziwa ya korosho mbichi. Ingia supamaketi yoyote kubwa ya Dar, au peruzi kurasa za watu wa mazoezi, utaikuta pakiti ya korosho nyeupe pe, haina chumvi, haijakaangwa, na maneno yale yale: haijaguswa na moto, virutubisho vyote vimo. Halafu watu wanaanza kubishana. Mmoja anasema ni dawa ya moyo, mwingine anasema ina sumu. Hivi nani mkweli?

Peleka ubishi huo Tandahimba au Newala, kwa mama aliyekulia chini ya mikorosho, uone atakavyocheka. Korosho mbichi? Ile ambayo ukiing'ata na ganda lake midomo inababuka? Mkoani Mtwara hata mtoto mdogo anajua kwamba hiyo hailiwi.

Kwa hiyo wote wawili wana ukweli wao. Korosho iliyo mbichi kwelikweli, na ganda lake, ni hatari. Ile ya kwenye pakiti ni chakula kizuri, ila si mbichi. Kati ya korosho hizo mbili kuna moto, na kuna mikono ya watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye pakiti yoyote.

MGENI KUTOKA BRAZIL

Mkorosho si mti wa asili wa Afrika. Kwao ni kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako wenyeji waliozungumza Kitupi waliuita acajú. Wareno waliubeba karne ya 16, wakaupeleka Msumbiji na India, na taratibu ukaenea pwani yetu. Jina lake jingine la Kiswahili, mkanju, bado lina sauti ya "caju" ya Wareno ndani yake.

Mti huu ni ndugu wa mwembe. Kama umewahi kung'ata embe na ganda lake, kesho yake ukaamka na vipele mdomoni, basi unaijua tabia ya ukoo huu, ila kidogo tu. Kwenye embe ni utani. Kwenye korosho si utani.

Bibo lenyewe, lile tunda laini la njano au jekundu, halina neno. Watu wanalila, wanalikamua, wengine wanalichachusha likawa uraka. Balaa liko kwenye ganda la korosho inayoning'inia chini yake. Ganda lile lina tabaka mbili, na katikati kuna kitu kama sifongo kilichojaa mafuta mazito, makali. Ndani yake kuna asidi ya anakadi na kadoli, kemikali zilizo ndugu na sumu ya ule mmea mtambaazi wa Marekani ambao watembea porini wa kule wanauogopa kama nyoka. Mafuta hayo yakikugusa ngozi, inawasha, inatoka malengelenge, halafu inababuka.

Mti unalinda mbegu yake, basi. Kokwa ya ndani, ile tamu, haina tatizo. Kazi ni kuitoa humo bila kuipaka yale mafuta.

Vijijini jibu lilikuwa moto. Korosho zinamwagwa juu ya bati, moto unawaka chini, mafuta yanatoka kwenye ganda na yenyewe yanashika moto. Moshi mweusi unapanda, na anayechoma anajua kusimama upande ambao upepo hautamletea, kwa sababu moshi ule nao unawasha macho na kifua. Zikishaungua vizuri zinazimwa kwa mchanga, zinapoa, halafu zinapondwa moja moja. Korosho za barabarani zenye alama nyeusi nyeusi, zile abiria wa mabasi ya kusini wananunua dirishani, zimepita huko.

WAINGEREZA WALITAKA KARANGA

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli na bandari mpya ya kina kirefu, na mji wa Mtwara ukapangwa upya kwa barabara pana kama vile watu laki kadhaa wanakuja kesho. Hawakuja. Januari 1951 mradi ukafutwa, na miaka ya mwanzo ya 1960 hata reli ikang'olewa.

Bandari ikabaki. Kilichokuja kuipa kazi ni zao ambalo mradi ule haukulipangia chochote. Wakulima wadogo wa nyanda za juu za Makonde walikuwa wanapanda mikorosho yao wenyewe, shamba moja moja, bila matrekta wala wataalamu kutoka London.

Ila korosho hizo ziliondoka zikiwa ghafi, yaani na maganda yake. Sehemu kubwa ilikwenda India, hasa Kollam katika jimbo la Kerala, na huko zikabanguliwa na wanawake kwa maelfu. Walikaa chini siku nzima wakipasua ganda kwa nyundo ndogo, mikono wameipaka majivu au mafuta ya nyonyo ili yale mafuta ya korosho yasishike ngozi. Yalishika hivyo hivyo.

Hadi miaka ya mwanzo ya 1970 Msumbiji na Tanzania ndizo zilikuwa vinara wa dunia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000. Serikali ikasema, kwa nini tusibangue wenyewe? Vikajengwa viwanda 12 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, mitambo ikatoka Italia na Japani. Hesabu ilikuwa nzuri, muda ukawa mbaya. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima haikuwa ya kuvutia, halafu ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa kama tani 16,500 tu. Mitambo mipya, korosho hakuna.

Baadaye watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, walisaidia zao kusimama tena kwa salfa na mbegu bora. Mavuno yakarudi na kupita yale ya zamani. Lakini sehemu kubwa ya korosho bado ikaendelea kupanda meli na maganda yake. Novemba 2018, wanunuzi walipogomea bei, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Hoja ya viwanda vya ndani ikarudi mezani kwa nguvu: tubangue hapa, vijana wetu wapate ajira.

Hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Kinachosahaulika ni kwamba kubangua ni kazi inayokula mikono.

MIKONO ISIYO NA JINA

Hivi ndivyo korosho "mbichi" inavyopatikana. Korosho ghafi zinapikwa kwa mvuke ili ganda lilegee. Zinapoozwa, halafu zinakatwa moja moja kwa mashine ya mkono na mguu, au kwa mtambo mkubwa. Kokwa, ambayo kwa lugha ya soko inaitwa korosho karanga, inakaushwa kwenye tanuri kwa saa kadhaa ili ngozi yake nyembamba ikauke. Kisha inamenywa na kupangwa madaraja. Daraja maarufu la W320 maana yake ni korosho nyeupe nzima, 300 hadi 320 kwenye ratili moja.

Mvuke, tanuri. Hiyo ndiyo "haijaguswa na moto" ya kwenye tangazo.

Wanaofanya kazi hii, iwe Kerala, Msumbiji au Mtwara, wengi ni wanawake, na malipo mara nyingi ni kwa kilo. Hapo ndipo mtego ulipo. Glavu zinalinda vidole lakini zinapunguza kasi, na kokwa ikivunjika thamani inashuka. Anayetaka kufikisha kilo za kumlisha mtoto anaivua glavu. Jioni vidole vimekuwa vyeusi, ngozi inachubuka kama nyoka anayejivua gamba, na hicho ndicho kidole kitakachokanda ugali.

Kuna mahali hata malipo yenyewe hayakuwepo. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu vituo vya waraibu wa dawa za kulevya nchini Vietnam, ambako watu waliofungiwa humo walilazimishwa kubangua korosho. Vietnam ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa korosho zilizobanguliwa duniani, na hununua korosho ghafi nyingi kutoka Afrika, ikiwemo Tanzania.

WATU 54 WA PENNSYLVANIA

Mara chache mafuta yale humfuata mlaji hadi mezani. Aprili 1982, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, watoto wa timu za besiboli walikuwa wanauza korosho kuchangisha pesa. Siku chache baadaye watu wakaanza kuwashwa na kutoka vipele, hasa kwenye mikunjo ya mwili. Waathirika walikuwa 54. Walipochunguza, ndani ya zile pakiti kulikuwa na vipande vya maganda ya korosho. Zilitoka Msumbiji, nchi ambayo kutoka Mtwara unavuka tu mto Ruvuma kuifikia.

Vipande vichache tu, siku chache, na tukio likaingia kwenye taarifa rasmi za afya za Marekani. Mwanamke aliyebangua pakiti zile alikuwa anayashika maganda hayo kila siku ya kazi.

SASA ULE AU USILE?

Kula. Gramu 30 za korosho, kiasi cha kiganja kimoja, zina kalori kama 160 hadi 170, protini, mafuta ambayo mengi yake ni yale rafiki kwa moyo, madini ya magnesiamu na shaba. Tofauti kati ya ile isiyokaangwa na iliyokaangwa bila mafuta ni ndogo sana, kwa hiyo usilipe mara mbili kwa neno moja. Kinachobadilisha hesabu ni chumvi, mafuta ya kukaangia na kula pakiti nzima ukiangalia tamthilia. Mwenye mzio wa korosho asiguse kabisa, mbichi wala ya kuchoma, kwa sababu moto hauondoi mzio. Mwenye historia ya mawe kwenye figo amuulize daktari kwanza, maana korosho zina oksaleti nyingi.

Korosho ghafi ukiletewa zawadi kutoka kusini, usipasue kwa meno na usizitie kwenye oveni ya ndani. Mafuta yakikugusa, nawa kwa sabuni na maji mengi, usishike macho.

Chokoleti mbichi nayo ina stori inayofanana. Mbegu za kakao, hata za Kyela kwetu, huchachushwa kwa siku kadhaa na zenyewe hupata joto kali humo humo kabla ya kukaushwa. Kinachorukwa kwenye chokoleti "mbichi" ni kule kukaanga kwa baadaye, na kukaanga ndiko kunakoua vijidudu. Neno lile lile, ujanja ule ule.

Ila ukitaka kujua kama korosho ni nzuri kwa afya, uliza pia afya ya nani. Kwa mlaji jibu limeshapatikana. Kwa mbanguaji linategemea vitu vya kawaida kabisa: glavu zinazotosha vidole, mashine nzuri ya kukatia, hewa ya kutosha, na malipo ambayo hayamlazimishi kuivua glavu ndipo ale. Kwa hiyo muuzaji akikuambia korosho zake ni mbichi, achana na hilo. Muulize zilibanguliwa wapi, na waliobangua walivaa nini mkononi.