Fuvu Moja, Wajukuu Wengi: Mchana Mmoja Kalenga

Mkataba wa Versailles, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1919, una ibara ya 246 ambayo watu wengi hawajawahi kuisoma. Katikati ya mambo makubwa ya mipaka, fidia na majeshi, ibara hiyo inaidai Ujerumani vitu viwili. Cha kwanza ni Msahafu wa Khalifa Othman, urudishwe kwa Mfalme wa Hijaz. Cha pili ni fuvu la kichwa cha Sultani Mkwawa, likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza. Muda uliotolewa ni miezi sita.

Miezi sita hiyo ikawa miaka 35. Wajerumani walisema hawana habari na fuvu lolote, Waingereza wakachoka kuuliza, ikaja vita nyingine, ikapita. Lilirudi mwaka 1954, na leo liko ndani ya sanduku la kioo katika kijiji cha Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara inayoelekea Hifadhi ya Ruaha. Chumba linamokaa si kikubwa. Ukiwa na haraka unakizunguka kwa dakika kumi na kuondoka zako.

Mimi nilikaa humo karibu mchana mzima. Nilitoka Mbeya kwa basi la alfajiri, nikalala Iringa, kesho yake nikapanda bodaboda hadi Kalenga. Mzee anayetembeza wageni nilimkuta kivulini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanifundisha kusema "kamwene" kama Wahehe wanavyosalimiana. Siku hiyo mgeni nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuwa na haraka na mimi.

Ndani kuna mikuki, ngao, bunduki za zamani na picha za ukoo ukutani. Vyote hivyo unavitazama huku jicho likirudi kwenye kioo, maana fuvu ndilo lililokuleta. Ni dogo kuliko nilivyotarajia. Nadhani kila mtu hulitegemea liwe kubwa, kwa sababu jina lenyewe ni kubwa: Mtwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, ambaye sote tulisoma habari zake shule ya msingi.

Kwa wale ambao daftari la historia lilishaliwa na mchwa, nikumbushe kwa ufupi. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilivamiwa na Wahehe pale Lugalo, mashariki ya Iringa. Silaha kuu ya Wahehe ilikuwa mikuki. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine tisa na mamia ya askari na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Bunduki na mizinga vikachukuliwa. Wahehe nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo vitabu vyetu hulipita mbio.

Wajerumani walijipanga kwa miaka mitatu. Oktoba 1894 walirudi na mizinga na kuibomoa ngome ya Kalenga, hapo hapo ninapokuelezea. Mkwawa akaponyoka. Kwa karibu miaka minne alipigana vita vya msituni, akisaidiwa na wananchi waliomlisha na kumficha, huku kichwa chake kikiwa kimewekewa dau la rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Sajini Merkl aliukuta mwili. Kichwa kikakatwa na kupelekwa Iringa kwa Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani.

Kiwiliwili kilibaki Mlambalasi na kaburi liko huko mpaka leo. Kwa hiyo Mkwawa amelala sehemu mbili. Mzee alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekwambia shamba lake lina vipande viwili.

Sasa hapa ndipo safari yangu ilipokuwa na uzito wake.

Upande wa mama yangu ni Wasangu wa Mbarali. Nilipokuwa darasa la nne, nilikuwa nikisoma kwa sauti nyumbani kwa bibi, yeye akichambua mchele. Nikasoma kwamba Mkwawa alikuwa shujaa. Bibi hakuinua kichwa. Akauliza tu, "Shujaa wa nani?" Nikamjibu kwamba kitabu kimesema shujaa wetu. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele. Hakuongeza neno, na "haya" yake nimeibeba zaidi ya miaka 20.

Nilipokua nikaanza kusoma mwenyewe, nikaelewa. Kabla Wajerumani hawajafika, nyanda hizi zilikuwa na mabwana zake, na mabwana hao walikuwa wanagombana. Wasangu chini ya Merere walikuwa wakubwa kabla ya Wahehe kuwa wakubwa, wakivamia majirani na kuchukua ng'ombe na watu. Munyigumba aliziunganisha koo za Uhehe akawageuzia kibao. Mwanawe Mkwawa akaendeleza kazi ileile. Wasangu wakafukuzwa kutoka Utengule ya Usangu, wakakimbilia magharibi na kujenga Utengule nyingine huko Usongwe, jirani na Mbalizi ya leo. Ndiyo maana mkoani Mbeya kuna Utengule mbili. Wasafiri wengi hudhani ni majina yamegongana, kumbe ni watu waliohama na jina la kwao kama mtu anavyohama na godoro lake.

Wajerumani walipokuja kupigana na Mkwawa, Merere akasimama upande wao. Baada ya Mkwawa kuangushwa, Wasangu wakarudi kwao. Kwa bibi, basi, siku Kalenga ilipoanguka haikuwa msiba. Ilikuwa siku ambayo wazee wake walianza kurudi nyumbani. Je, bibi alikuwa msaliti? Merere alikuwa msaliti? Wa nani, maana Tanganyika haikuwepo? Mwaka 1894 hakuna mtu Usangu wala Uhehe aliyekuwa anaamka asubuhi akijiita Mtanganyika. Kulikuwa na jirani aliyekuchomea nyumba, na kulikuwa na mgeni mwenye mizinga aliyesema atakusaidia. Kwamba mgeni huyo angekuja kukutoza kodi na kukupiga viboko wewe pia, hilo lilijulikana baadaye.

Nilimuuliza mzee wa Kalenga kuhusu Wasangu. Alinitazama, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi, nikamwambia. Akacheka. "Kumbe umekuja kuangalia kama kweli amekufa," akasema. Tukacheka wote. Watu wa nyanda za juu tuna utani wa namna hiyo, na ndani ya utani mna mengi. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulikuta ukutani: kwamba katika Wahehe wenyewe mna damu za mateka wa kila upande, na kwamba ukichimba sana katika ukoo wowote wa Iringa utakuta bibi mmoja aliyeletwa. Hilo silo la kuandikwa kwenye kibao, alisema. Mimi naona ndilo hasa la kuandikwa kwenye kibao.

Jambo la pili linalostahili kuandikwa ni namna fuvu lenyewe lilivyopatikana. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika makumbusho ya mji wa Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu kama 2,000. Yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikuwa 84. Kwa kuwa vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa vilikuwa vimeshachukuliwa, yakatafutwa mafuvu yaliyokaribiana na vipimo hivyo. Miongoni mwake likaonekana moja lenye tundu la risasi. Wakasema ndilo. Juni 19, 1954, Twining mwenyewe alilikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu.

Tarehe hiyo itazame vizuri. Mwaka 1954 Kenya ilikuwa inawaka moto wa Mau Mau. Serikali ya kikoloni iliyokuwa inawafunga Wakenya makambini ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inawarudishia Wahehe shujaa aliyepigana na wakoloni. Hakuna ajabu sana: aliyepigwa na Mkwawa alikuwa Mjerumani, na Mwingereza alikuwa anahitaji marafiki. Hata wazo la kwanza, lililotolewa na Horace Byatt mwaka 1918, lilikuwa la kuwalipa Wahehe fadhila kwa kuwasaidia Waingereza vitani. Fuvu lilidaiwa kama zawadi ya kisiasa, na likatolewa kama zawadi ya kisiasa.

Kwa hiyo, ni lake kweli? Wako watafiti wanaotilia shaka, na ukiangalia njia iliyotumika huwezi kuwalaumu. Vipimo vya kichwa si alama za vidole, na watu waliopigwa risasi ya kichwa katika vita vile hawakuwa mmoja. Martin Baer na Olaf Schröter, Wajerumani wawili, waliandika kitabu kizima na kutengeneza filamu kuhusu kisa hiki.

Nilimuuliza mzee. Alikuwa ameshaulizwa mara nyingi, ilionekana. "Dada, nyie waandishi mnapenda cheti cha kuzaliwa," akasema. "Sasa fuvu utalipa cheti gani?" Kisha akasema kwa utulivu zaidi kwamba hata kama si la Mtwa, basi ni la mtoto wa mtu, na limepata watu wa kulitunza.

Jibu hilo lilinikaa. Kwa sababu kama si Mkwawa, basi ni mtu mwingine wa Afrika Mashariki aliyechukuliwa bila jina, akapimwa, akawekwa rafuni Bremen. Yawezekana ni Mhehe wa kawaida. Yawezekana ni Msangu. Itakuwa ajabu ya historia kama babu wa upande wa bibi ndiye anayepokea heshima za Mkwawa kila siku, lakini historia imeshafanya maajabu makubwa kuliko hayo.

Na hawa wasio na jina ni wengi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walimaliza kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki yaliyokuwa kwenye hifadhi zao, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya kwetu. Kwa kutumia vipimo vya DNA, baadhi yalioanishwa na familia zilizo hai huko Kilimanjaro. Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha. Aliongea na familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, ambao wanalitafuta fuvu la babu yao mpaka leo. Huko Old Moshi wazao wa Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900, nao wanatafuta.

Familia hizo zikifanikiwa, zitakabiliwa na swali ambalo Kalenga imeishi nalo kwa miaka 70: ukishalipata, unafanyaje? Unazika au unaonyesha? Kwa mila zetu nyingi, mtu huzikwa. Kuweka kichwa cha babu kwenye kioo ni desturi tuliyoikuta kwa watu wale wale waliokikata. Lakini kingezikwa mwaka 1954, je, mtoto wa shule kutoka Mufindi angekuja kukiona na kuuliza maswali? Mimi sina kura katika jambo hili. Ni la ukoo kuamua, na ukoo wa Mkwawa umeamua. Ninachoomba ni kwamba wengine wasidhani kioo ndiyo njia pekee kwa sababu tu Kalenga ilitangulia.

Wanaopenda kusoma watafute tamthilia ya Mugyabuso Mulokozi, *Mukwava wa Uhehe*. Ukienda Iringa, pita pia kwenye makumbusho ya Boma pale mjini, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2016. Pale historia ya mkoa imepewa nafasi pana zaidi kuliko mtu mmoja, na ukitoka Kalenga utaona inavyosaidia.

Makumbusho ndogo kama ya Kalenga hatuzitendei haki tunapozipita kwa dakika kumi, na hatuzitendei haki tunapozidai zitupe shujaa asiye na doa. Mkwawa alipigana na Wajerumani kwa ujasiri ambao hakuna wa kuukanusha. Mkwawa huyo huyo aliwafanya watu wa bibi yangu wawe wakimbizi. Ukuta wa chumba kile una nafasi ya kutosha kwa vibao viwili zaidi: kimoja kieleze fuvu lilivyochaguliwa kati ya 84, kingine kitaje Utengule mbili. Bei ya vibao hivyo haifiki hata nauli yangu ya kutoka Mbeya, na siamini kwamba Mtwa angepungukiwa na kitu.