Nyumba Iliyopimwa kwa Boriti

Ingia na futi yako katika nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu, upime vyumba. Vinatofautiana urefu, lakini upana ni karibu ule ule: mita mbili na nusu na ushei, mara chache kufika tatu. Sababu iko darini. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti pamelazwa mawe na chokaa. Nafasi ikizidi hapo, boriti hupinda kwa uzito. Mikoko ndiyo iliyoamua chumba kiwe na upana gani, hata mwenye nyumba awe tajiri vipi. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Pwani, na kila nikipewa kiwanja kipya huanzia hapo.

Nyingi ya nyumba hizo ni za karne ya 18, enzi ya neema ya Lamu. Mifupa yake haikutoka mbali. Jiwe ni tumbawe. Chokaa ni tumbawe lile lile lililochomwa: magogo hupangwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa, kisha chokaa ikaloweshwa na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Boriti zilikatwa katika mikoko ya visiwani na kuhesabiwa kwa korja, ishirini ishirini; nyingine zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu.

Mpango wa nyumba unafuata jua na upepo. Unaanzia dakani, penye mabaraza ya mawe ambapo mgeni hukaa bila kuingia. Unapita tekani, ukumbi wa kuingilia, unapinda, ndipo unatokea kwenye kiwanda, ua ulio wazi juu. Kutoka hapo misana, vyumba virefu vya kukaa, inafuatana, kisha chumba kiitwacho ndani, kila sakafu ikipanda kidogo kuliko iliyotangulia. Nyumba nyingi zimeelekea kaskazini, ambako kwa Lamu ndiko kibla, na mwelekeo huo unafaa kwa jua pia: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri likaangukia zile fupi. Kuta zenyewe zina unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kupenya.

Ninachokipenda kuliko vyote kiko chooni. Pale pana birika la maji ya kuogea, limejengwa kwa chokaa, na chini kabisa, katika sakafu yake, limezamishwa bakuli la kaure. Birikani walifugwa samaki wadogo ili wawale viluwiluwi wa mbu. Maji yakipungua, samaki walijikusanya bakulini wakabaki hai mpaka birika lijazwe tena. Yupo mtu aliyekaa akawafikiria mbu, samaki na uhaba wa maji kwa pamoja, akajenga jibu moja.

Akili hiyo ni ya kale kuliko nyumba hizi za Lamu. Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa ukingoni mwa jabali juu ya bahari, kukiwa na nyua zilizozama chini na kidimbwi cha pembe nane kule upepo unakopita.

Saruji ilipokuja ilitusahaulisha mengi. Chokaa huupa unyevu unaopanda ukutani njia ya kutokea. Ukipiga lipu ya saruji juu ya tumbawe, unyevu na chumvi hufungiwa humo, na lipu hubanduka vipande vipande. Ukichanganya zege kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi huzila nondo. Na sasa watu huniletea picha za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wakitaka zidaka ukutani na mlango wa nakshi kwenye nyumba yenye vioo vipana vinavyotazama magharibi na kiyoyozi kila chumba. Hilo linaniuma, kwa sababu wameacha kilichofanya nyumba ile ikalike.

Hivi sasa nachora nyumba ya familia moja huko Kilifi, kwenye kiwanja cha mteremko kinachoshukia mkono wa bahari, chenye mbuyu katikati. Dari ya boriti siiweki. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na mikoko iliyobaki ina kazi ya kulinda ufuo na makinda ya samaki. Lakini hesabu ya boriti nimeibakiza: vyumba ni vya mita tatu, safu moja, ili kusi iingie upande huu itokee ule. Mbuyu umekuwa ndani ya kiwanda kikubwa, na msingi tumeuweka mbali nao, maana mizizi yake hutambaa mbali karibu na uso wa ardhi. Kuta ni za mawe ya timbo. Maji ya mvua yanashuka birikani, nyuma ya jiko.

Nyanya wa familia, mzaliwa wa Lamu, aliitazama ramani kwa makini.

"Mwanangu, baraza umeiweka wapi?"

Nikamwonyesha: pande zote mbili za mlango, kivulini.

"Ipanue. Mtu aweze kujinyoosha alasiri."

Sasa ina sentimita tisini, na ngazi za kuingilia tumezisogeza kushoto kuipisha.