Kutoka Gumegume hadi SMG: Historia ya Majina ya Silaha za Moto katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Ikisiri
Makala haya yanachunguza historia ya majina ya bunduki na bastola katika Kiswahili kwa kurejelea ukanda wa Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba jina la kiwandani na jina la jamii haviendi kwa mwendo mmoja. Kiwanda hubadili jina la modeli ili kutofautisha bidhaa zake sokoni, ilhali wasemaji huipa silaha jina linalobeba kile wanachohitaji kukijua kuihusu. Pengo kati ya mifumo hiyo miwili lina athari kwa mwanahistoria, mfasiri na mahakama.

1.0 Utangulizi
Katika taarifa za uhalifu nchini Tanzania, silaha hutajwa kwa muundo uliozoeleka: bastola aina ya Browning, bunduki aina ya SMG, bunduki aina ya gobore. Kisarufi, kirai "aina ya" huyaweka majina haya matatu katika daraja moja. Kihistoria, hata hivyo, hayafanani. Browning ni jina la mbunifu lililogeuzwa kuwa alama ya biashara. SMG ni kifupisho cha kundi la silaha katika istilahi za kijeshi. Gobore ni jina la bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, ambayo mara nyingi haikupitia kiwandani kabisa. Katika eneo lenye dhahabu, almasi na mifugo, ambako silaha za namna zote hizi zimetumika, majina hayo ni kumbukumbu ya jinsi kila silaha ilivyofika.

2.0 Jina la Kiwandani na Mabadiliko Yake
Mfano bora wa mwenendo wa viwanda ni bastola za FN, kiwanda cha Herstal nchini Ubelgiji kilichotengeneza miundo ya Mmarekani John Moses Browning. Kiwanda hiki kilitambulisha bastola zake kwa mwaka wa modeli: 1900, 1903, 1906, 1910 na 1922. Mwaka ni kitofautishi, na kitofautishi huhitajika pale tu panapokuwa na zaidi ya kimoja. Bastola ikiwa peke yake, jina la mbunifu linatosha. Ikipata ndugu, hulazimika kubeba namba.

Namba hiyo nayo haikuwa ya kudumu. Modeli ya 1910 ilipoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1950, iliitwa modeli ya 1955, ingawa muundo wake ulikuwa ule ule. Bastola iliyotoka mwaka 1935 iliitwa GP-35 kwa Kifaransa na Hi-Power kwa Kiingereza. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji waliisajili kwa jina la Pistole 640(b), na baadaye jeshi la Uingereza likaipa jina L9A1. Kwa hiyo jina la modeli halielezi chuma peke yake. Linaeleza pia nani anauza, nani ananunua na nani ametawala kiwanda.

Ni sehemu ndogo sana ya mfuatano huo iliyoingia katika Kiswahili. Kilichobaki ni Browning tu, bila mwaka wala herufi. Wasemaji waliacha kitofautishi, wakachukua jina la familia nzima.

3.0 Majina ya Pwani na Njia za Misafara
Kabla ya namba za viwandani kufika bara, Kiswahili kilikuwa na mfumo wake. Neno bunduki limetokana na Kiarabu, ambamo bunduq lilimaanisha aina ya kokwa, kisha kitufe cha kurushwa, na hatimaye silaha yenyewe. Neno bastola lina asili ya Ulaya, lakini sauti /b/ mwanzoni mwake inaashiria kwamba lilipitia Kiarabu, lugha isiyo na /p/. Kama lingepokewa moja kwa moja kutoka Ulaya, Kiswahili kisingekuwa na sababu ya kuibadili sauti hiyo, kwa kuwa kinayo katika maneno kama pesa na pilau.

Ndani ya kundi la bunduki, kitofautishi kilikuwa namna ya kuwasha baruti. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume kwa cheche za jiwe, na bunduki ya fataki kwa kifuniko kidogo kilicholipuka kilipogongwa. Huu nao ni mfuatano wa kihistoria unaolingana na hatua za teknolojia, lakini umejengwa kwa mtazamo wa mtumiaji. Anayesafiri na msafara kutoka Tabora kuelekea Ziwa Viktoria alihitaji kujua kama atabeba utambi, jiwe au fataki. Jina la karakana ya Ulaya halikumsaidia.

Sheria ya kimataifa ilichangia kuudumisha mfumo huo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha nafasi ya kuruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Wakati Ulaya ikibadili modeli karibu kila muongo, mwenyeji wa bara alibakiziwa silaha ya kizamani. Kudumu kwa gobore kama kitu na kama neno hakuwezi kuelezwa bila kuzingatia kizuizi hicho. Aidha, neno hili hupokea wingi wa magobore, tofauti na bunduki na bastola zisizobadilika umbo katika wingi.

4.0 SMG: Kifupisho Kilichohama
Baada ya maasi ya Januari 1964, jeshi la kikoloni lilivunjwa na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huo. Kuanzia kipindi hicho China ilitoa silaha na wakufunzi. Miongoni mwa silaha za China ilikuwa Type 56, iliyofuata muundo wa AK wa Kisovieti. Katika istilahi za jeshi la China, silaha hii iliwekwa katika kundi la bunduki ndogo za rashasha, kundi ambalo kifupisho chake cha Kiingereza ni SMG. Bunduki nyingine ya China ya mwaka huo huo, iliyofuata muundo wa SKS, iliwekwa katika kundi la bunduki zinazojipakia zenyewe. Nayo katika taarifa za Tanzania huitwa SAR. Ulinganifu wa jozi hii unaonyesha kwamba SMG ya Kiswahili haikuzuka kwa makosa ya waandishi wa habari. Inaelekea ni urithi wa uainishaji wa Kichina uliovaa herufi za Kiingereza.

Kisovieti, jina lilibadilika kutoka AK hadi AKM mwaka 1959, kisha AK-74. Kiswahili cha Tanzania hakikuyafuata mabadiliko hayo.

Vita vya Kagera vya 1978–1979 viliacha silaha za kijeshi mikononi mwa raia, na wizi wa mifugo kwa kutumia bunduki ukaongezeka Usukuma na Unyamwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jamii za Kahama zilijibu kwa kuunda sungusungu, jeshi la jadi lililotegemea pinde na mishale na kutambuliwa kisheria mwaka 1989. Jina hilo ni la chungu weusi waumao kwa wingi wao. Upande mmoja uliitwa kwa herufi za silaha. Upande wa pili ulijiita kwa umoja wa watu. Vita vya Burundi na Rwanda katika miaka ya 1990 viliongeza silaha katika ukanda wa magharibi, muda mfupi kabla ya migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu kuanza uzalishaji mwaka 2000 na 2001.

5.0 Jina kama Ushahidi
Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama kuweka alama ya pekee kwenye kila silaha. Kwa mujibu wa utaratibu huo, utambulisho ni namba, na jina ni nyongeza. Lakini namba inaweza kufutwa kwa tupa. Inapofutwa, kinachobaki katika hati ya mashtaka ni aina, na uzito wote wa utambuzi huangukia neno.

Hapo ndipo tafsiri inapoweza kupotosha. Mfasiri anayeigeuza SMG ya Kiswahili kuwa SMG ya Kiingereza huigeuza bunduki ya muundo wa AK kuwa silaha fupi inayotumia risasi za bastola. Mwanahistoria anayesoma "Browning" bila namba hana budi kukumbuka kwamba jina hilo linafunika modeli za miongo kadhaa.

6.0 Hitimisho
Majina ya silaha Shinyanga na Geita yanaonyesha vitofautishi vya aina tatu: namna ya kuwasha baruti, jina la mbunifu, na kundi la kijeshi. Kila kimoja kilitoka kwa waliozileta silaha: wafanyabiashara wa misafara, soko la Ulaya na wakufunzi wa jeshi. Kamusi inayofasili SMG kwa kufuata Kiingereza pekee itakuwa imefasili silaha nyingine. Kazi ya leksikografia ya Kiswahili ni kueleza neno kama linavyotumika Kahama na Geita, kwa sababu huko, namba inapofutwa, neno ndilo linalosimama mbele ya hakimu.